Kibuyu Changu Langoni pa Boma

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Arusha, sikuwahi kumwona mtu mzima akila amesimama. Kwetu mtu alikula ameketi, kwake au kwa ndugu yake, na aliyetafuna njiani alidhaniwa ameiba. Boma lilipokwisha, barabara ya mbele ya lango ikajaa watu wasio na pa kukaa: askari, wapagazi, Wahindi wa maduka, Makaburu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wote walikuwa na njaa, na wote walikula wima bila haya.

Mke wa askari Msudani alioka mikate myembamba juu ya bamba la chuma. Mwanamke wa pwani aliuza vitumbua huku akiwasema waliokawia kuchagua. Mhindi alikaanga bajia. Makaburu hawakununua kitu. Walitafuna nyama kavu kutoka mifukoni mwao, ngumu kama kiatu, wala hawakumgawia mtu. Na pale penye kona, ambapo kila mpita njia alilazimika kupita, Mnyamwezi mmoja aliyewahi kuwa mpagazi alichoma nyama kwenye vijiti na kuuza mchuzi wa mifupa. Mimi nilikaa pembeni yake, nikauza loshoro.

Loshoro ni ndizi na mahindi yaliyochemshwa yakalainika, yakapondwa, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando; yangu niliyabeba kwenye kibuyu. Wapwani walikunja pua. Lakini watu wetu wa mlimani, waliolazimishwa kuja kubeba mawe ya barabara za Wajerumani, hawakutaka kingine. Walikuja kwangu wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wakala kimya, wakarudi kazini. Nilichopata kilikuwa changu mwenyewe, si cha mume wangu wala cha ndugu zake. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwa na kitu cha kukiita changu, na nitasema wazi kwamba nilikipenda kuliko nilivyompenda mume.

Nilikuwa na rafiki. Alikuwa mjane, jirani yangu wa chini ya mfereji, hana hata ng'ombe mmoja. Nilimwonea huruma, nikamweka kando yangu anipondee ndizi, nami nikampa chakula cha kupeleka kwa watoto wake. Alikuwa na mdomo mtamu. Wateja walimpenda, nami nikafurahi kwamba wanampenda, mjinga mimi.

Sasa lazima mjue mwiko wetu. Kwetu maziwa na nyama havikutani: si tumboni kwa siku moja, wala chomboni. Kibuyu kilichoingia mchuzi wa nyama kikitiwa tena maziwa, kiwele cha ng'ombe aliyekamuliwa kitaoza. Ndivyo tulivyoamini, na ng'ombe ndiye uhai wetu. Kukaa karibu na mchoma nyama lilikuwa kosa langu. Nilifuata wapita njia, nikasahau kwamba moshi wake unanifuata mimi.

Siku moja wabeba mawe walipita mbele yangu kana kwamba sipo. Wakaenda kununua mihogo mikavu isiyo na hata chumvi. Niliwaita, wakageuza nyuso. Mzee mmoja aliyenifahamu tangu utoto ndiye aliyesimama.

"Binti yangu," akasema, "tumesikia kibuyu chako kinabebewa mchuzi jioni. Tuna ng'ombe nyumbani sisi."

Damu ilinipanda. Nilimgeukia Mnyamwezi, nikazoa majivu nikayamwaga juu ya nyama yake, nikamwita mchawi na majina mengine ambayo sitayaandika. Yeye alivipangusa vijiti vyake kimoja kimoja kabla ya kujibu.

"Mama, mimi miiko yenu nitaijulia wapi? Hujanunua kwangu hata mfupa. Huyo rafiki yako ndiye aliyekuja kuniomba niseme kwamba unanunua mchuzi kwangu. Nilimfukuza. Muulize yeye."

Nikageuka. Rafiki yangu alikuwa amekwisha ondoka, na mchi wake umelala ndani ya kinu.

Hata hapo sikukata tamaa. Neno la mjane lilikuwa dogo. Neno la mwenye ng'ombe lilikuwa kubwa. Mume wangu angesimama tu mbele ya wazee aseme, "Nyumbani kwangu maziwa na nyama havijakutana," mambo yangekwisha. Wazee wakakutana, wakamuuliza. Nilisimama nyuma na wanawake, nikimtazama kisogo, nikingoja. Alichora chini kwa fimbo.

"Wanawake wana mambo yao," akasema. "Mimi sijui."

Alijua. Kila jioni alikunywa maziwa kutoka kibuyu hichohicho.

Nikakatazwa kuuza. Haikupita muda nikasikia mjane amekaa kwenye kona yangu, anauza loshoro. Nilijiuliza ametoa wapi maziwa, mtu asiye na hata mbuzi. Nikashuka hadi kwake asubuhi moja, nikamkuta anamkamua ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe. Ng'ombe huyo nilimlea mimi mwenyewe tangu akiwa ndama. Mume wangu alikuwa ameniambia amemkopesha rafiki yake wa upande wa Olmotonyi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Wangu walikuwa wawili, na mmoja nililala naye.

Mavuno yalipokwisha akamwoa.

Desturi yetu ni kwamba mke mkubwa humpokea mke mdogo kwa maziwa, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Mama mkwe alitaka kutafuta kibuyu kingine kwa jirani. Nikakataa. Nilichukua changu, kilekile, nikakijaza, nikatoka nacho uani. Walikuwepo wazee walionihukumu. Walikuwepo wabeba mawe. Nilitembea polepole ili kila mtu akione. Nilijua hawezi kunywa. Akinywa, amekiri kwamba alisema uongo, na uongo wake utaonekana mchana kweupe. Asipokunywa, hana ndoa. Moyo wangu uliruka kwa furaha mbaya.

Nikamnyooshea. Alikipokea kwa mikono miwili, akanitazama machoni, akanywa. Alikunywa kama mtu mwenye kiu, bila kusita, mpaka nikasikia kibuyu kimekuwa kitupu.

Nikawageukia wazee. Yule aliyeniita binti yangu alikuwa akitabasamu. Mwingine alikuwa anauliza nyama ya harusi itaiva lini. Mume wangu alikuwa anacheka na ndugu zake.

"Asante, dada," bi harusi akasema, akifuta midomo. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama mkwe akanigusa kiwiko, akaniambia nisogee, ninawazibia watu njia.