Jiwe la Njia ya Shabunda

Papa alifundisha jiolojia chuo kikuu hapa Bukavu mpaka miguu ilipomkataa. Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kilijaa mawe yake ndani ya makartoni, kila moja na karatasi yake.

Jiwe moja alilipenda kuliko yote. Tulilikuta kandokando ya njia ya Shabunda, siku gari lilipokwama kwenye matope: la kijani, lenye punje nyekundu, zito kupita ukubwa wake. Alinipa nilishike.

"Hizi punje haziwezi kuzaliwa huku juu," aliniambia. "Lazima jiwe ligandamizwe chini sana, kilomita makumi. Milima ilijengwa hapa zamani, ikalisukuma chini, kisha likapanda tena. Ile milima mvua ilishaimaliza. Shahidi iko hii tu."

Alitaka kurudi kutafuta mwamba lilikotoka. Lakini watu wenye bunduki walishika ile njia, na miaka ikapita.

Kisha akalazwa hospitali. Msimu huo mvua ilikula kilima chetu, udongo ukaanza kushuka nyuma ya chumba wanamolala watoto wangu. Nikaita fundi ajenge ukuta wa kuuzuia. Mawe hayakutosha, na lori lilishindwa kupanda kwa utelezi. Nikamfungulia chumba cha nyuma. Wala sikusita.

Papa aliporudi, alikwenda moja kwa moja kule nyuma. Akatoka polepole, akakaa.

"Mama, ile jiwe ya Shabunda uliiweka wapi?" Ndivyo alivyoniita tangu utoto, mama.

"Iko mu ukuta, papa."

"Ukuta gani?"

Nikamshika mkono, nikampeleka. Alipapasa saruji toka mwanzo hadi mwisho. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Aliuliza tu kama fundi aliyapasua mawe kwa nyundo kabla ya kuyapanga.

"Ndiyo, papa."

"Basi." Akaomba chai. Nilipoileta, hakuigusa.

Siku zilizofuata alinisomea daftari lake la safari, nami nikanakili kwa mwandiko unaosomeka: mahali, rangi, uzito, punje. Pumzi ikimwishia, tunangoja. Alikufa kabla ya kiangazi, tukiwa hatujamaliza.

Baada ya matanga nilipeleka nakala kwa mwalimu kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Aliisoma yote amesimama.

"Muzee aliandika vizuri," akasema. "Sampuli ya Shabunda iko wapi?"

"Haiko."

"Maman, bila jiwe, watasema ni maneno tu. Na kule hakuna mwenye kwenda sasa."

Akanirudishia nakala kwa mikono miwili, kwa heshima. Nilisema asante. Nilishuka ngazi za chuo hadi barabarani, wanafunzi wakinipisha, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nililia mbele za watu.