Mistari Myekundu ya Mama Usimtapishe

Kwa miaka kumi na mmoja nimeketi meza moja na mwanamke ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa cha moto. Jina lake la vyeti liko kwa mhasibu. Sisi tunamwita Mama Usimtapishe, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza analomwambia kila anayepiga simu. Mtoto kanywa dawa ya choo: usimtapishe. Babu kameza vidonge vya bibi: usimtapishe, kwanza nisomee kilichoandikwa kwenye chupa. Yeye ni nesi, mimi ni mfamasia, na chumba chetu nyuma ya stoo ya hospitali ndicho kituo cha ushauri wa sumu. Tuna simu mbili, kabati la vitabu, daftari kubwa na dirisha lisilofunguka.

Kumtuliza mwenye hofu anajua, kujituliza hajui. Akishaweka mkono wa simu huanza kuhangaika kama kuku anayetaka kutaga. Hupanga vitabu vilivyokwisha kupangwa, hufuta meza, hutazama saa. Hatulii mpaka saa sita zipite, apige tena, aambiwe mtoto kala na anacheza. Hapo huchukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya maandishi yote ya mgonjwa yule daftarini, toka jina mpaka namba ya simu. Mstari huo ndio furaha ya chumba chetu. Tuliurithi kwa waliotutangulia na hatukuwahi kumweleza mtu maana yake, kwani nani alikuwa anauliza?

Aliuliza mkaguzi. Alikuja Jumatano kutoka wizarani, mtu mwenye adabu na viatu visivyojua vumbi, kuangalia kama ruzuku ya serikali iendelee. Bila ruzuku hakuna simu, hakuna zamu, na chumba kinarudi kuwa stoo. Alishinda akifunua daftari, kisha akatuambia kwa upole kwamba mwaka jana tulipokea simu mia mbili na kidogo, ukitoa zile zilizofutwa.

"Zilizofutwa zipi?" Mama Usimtapishe akauliza.

"Hizi zenye mistari myekundu. Zinazidi elfu tatu. Mlikuwa mnakosea kuandika?"

Nilicheka, na sikujivunia kicheko kile. Kumbe waliopona tumewafuta kwa mikono yetu wenyewe, na waliobaki kwenye hesabu ni waliokimbizwa wodini na waliokufa. Serikali ileile inayobandika ukutani kwamba kinga ni bora kuliko tiba ilikuwa inatuuliza wagonjwa wako wapi.

Mkaguzi alisikiliza maelezo yetu, akakuna kidevu. "Mimi nawaamini," alisema, "ila fomu haina sehemu ya kuandika imani." Angechukua bila kuchagua watu thelathini waliopigwa mstari mwaka jana, awapigie mwenyewe, spika ikiwa wazi. Ishirini wakikubali kwamba walipiga hapa na mgonjwa akapona nyumbani, angeihesabu mistari yote. Fomu ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi alasiri.

Namba kadhaa hazikupatikana. Wengine walidhani sisi ni matapeli. Mama mmoja alisema, "Mwanangu anywe sumu? Mungu apishe mbali," akakata, na mimi nakumbuka jinsi alivyotulilia siku ile. Niliudhika, ingawa nilimwelewa. Jambo likiisha salama mtu hulisahau, na asiyelisahau huona haya kulisema mbele za watu. Ila waliokumbuka ndio walikuwa wengi. Mwenye duka mmoja alituombea dua ndefu mpaka mkaguzi akainamisha kichwa. Ijumaa saa tisa na nusu tulikuwa na kumi na tisa, na namba moja tu imebaki.

Mwenzangu alikuwa amezunguka chumba mpaka mimi nikasikia kizunguzungu. Mkaguzi alipoisoma namba ya mwisho, mwenzangu akasimama palepale.

"Hiyo iruke," alisema.

"Siwezi kuiruka, dada yangu. Ndiyo ya thelathini."

"Chagua nyingine basi."

"Nikianza kuchagua, nitakuwa nawapendelea."

Akabonyeza. Akaitika mwanamume mwenye sauti nzito, na sauti hiyo niliijua, maana nimekula kwake mara nyingi. Alikuwa mume wa Mama Usimtapishe. Mkaguzi akajitambulisha, akauliza kama mwaka jana, mwezi wa tatu, mtoto wa kike wa miaka miwili alikunywa mafuta ya taa nyumbani hapo.

"Hapana, ndugu yangu. Hii ilikuwa simu ya marehemu mama, mimi naitunza tu. Na hapa hakijatokea kitu kama hicho. Mke wangu ndiye nesi wa mambo hayo, angeniambia."

Mkaguzi akashukuru, akashusha kalamu kwenye karatasi. Nilimtazama mwenzangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa anagusa kitu chochote. Akainama kwenye simu.

"Baba, ni mimi," alisema. "Ilitokea. Mafuta niliyaweka mimi kwenye chupa ya soda. Mama alinipigia hapa, nikamwelekeza, akakaa na mtoto anahesabu pumzi zake mpaka jioni. Nilimwomba asikwambie. Kila siku nawakataza watu chupa za soda, ningekwambiaje?"

Mganga hajigangi, wanasema, lakini siku ile methali haikunichekesha. Siku ya tukio mimi nilikuwa likizo, kwa hiyo mkwewe alipokufa, siri hiyo alibaki nayo peke yake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi.

"Nilirudi nyumba nzima inanuka mafuta," mume akasema. "Mama akaniambia kaangusha taa. Nikamgombeza. Nikamwambia uzee unamharibu, asiguse taa tena humu ndani."

"Najua," mkewe akajibu. "Nilikuwepo."

Mkaguzi akakohoa kidogo. "Samahani, mzee. Mtoto alipona?"

"Yuko hapa anapanda kiti. Andika kapona." Mkaguzi akaandika ya ishirini. Kisha, bila kupandisha sauti, mume akamwambia mkewe: "Mama yangu nilimzika sijamwomba radhi."