Maman Rolande na kidonge kilichomkausha jasho

Saa mbili asubuhi, kazi imepamba moto katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, mtaa wa Forest, ughaibuni. Rolande Mujinga, miaka 58, anakunja taulo karibu na mlango. Kila baada ya muda anakunywa maji, na wenzake wanamtania kwamba anajaza pipa.

Mwaka jana asingethubutu. Mzaliwa huyu wa Likasi, Kongo, alisumbuliwa na kibofu. Haja ndogo ilimjia ghafla, na choo kipo mbali na mashine ya kupigia pasi, alikokuwa akifanya kazi. Kuna siku alirudi nyumbani, mtaa wa Schaerbeek, amejifunga sweta kiunoni. Inauma, mtu mzima kuadhirika hivyo kazini.

Daktari alimwandikia vidonge. Kwenye duka la dawa, mfamasia alianza kumweleza tahadhari, akamuuliza anafanya kazi gani. Nyuma ya Rolande, kwenye foleni, alikuwa amesimama Papa Hilaire, mzee wa kanisa lao.

"Ningesema namna gani mambo ya mukojo mbele ya papa? Alors nilisema merci, nikakamata sachet ya dawa, nikatoka."

Kibofu kilitulia. Kinywa kilikauka, na jasho nalo likakauka. Joto la Juni lilipopanda, wenzake walilowa chapachapa. Yeye alibaki mkavu, tena akawacheka.

"Nilisema, bon, hii dawa iko ya mbinguni! Kumbe mwili unapikwa ndani."

Nusura Kadiri, Mtanzania anayefanya kazi naye, ndiye aliyemdaka siku joto lilipomzidi akaanguka kazini.

"Nilimgusa, wa moto na mkavu kabisa, anaongea vitu havieleweki. Nikapiga emergency, nikawa namwagia maji huku nalia."

Hospitalini alielezwa kile alichokikimbia kwa mfamasia: dawa za aina hiyo zinaweza kuzuia jasho, na anayefanya kazi kwenye joto lazima amwambie daktari. Kwa hofu akaacha vidonge kimyakimya. Aibu ikarudi palepale.

Hapo ndipo alipokwenda kwa daktari akamwaga yote ya moyoni. Alipunguziwa dozi, akaonywa asijiongezee wala kujipunguzia mwenyewe, na mwajiri akaombwa amtoe kwenye joto. Mwajiri amekubali, kwa sasa.

Mama mmoja wa kanisani, mwenye shida hiyohiyo, alimwomba vidonge kwa siri. Rolande alimnyima, akamwambia aende kwa daktari. Jumapili hii ameomba nafasi ya kuzungumza na kina mama wote.

"Nitaanza na neno mukojo, kwa sauti. Watacheka, bacheke. Kiisha nitabaambia: mimi, kidogo tu nikufe juu ya kuona haya."