Ndululu na Mizinga Isiyotajwa

Siku hizi ukimuuliza mtu ana nini, atakutajia hata ambavyo hajanunua. Zamani, kwetu Tseikuru, mwenye mizinga ya nyuki hakuitaja mbele ya mgeni. Akiulizwa alijibu, "Sina kitu," na hakuna aliyemwita mwongo. Ilikuwa adabu, na kinga ya kijicho.

Adabu hiyo ilitaka kumponza Ndululu mwaka wa 1974. Alikuwa akichonga mizinga ya magogo, lakini wanawe walikuwa wamekimbilia bandari ya Mombasa, na hakuwa na wa kumwachia tezo yake ya kuchongea. Kisha serikali ikataka kufungua chuo cha ufundi pale kijijini. Ikamtuma Abdulkadir, kijana wa Kitui mjini, apite nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanajua kazi gani. Zile zitakazopatikana ndizo zingefundishwa.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Sina kitu," akajibu Ndululu, kama babake alivyomzoeza. Abdulkadir akaandika kwamba hana kazi, akashukuru kwa uji, akaenda zake. Wazee wote wa nyuki walimjibu hivyo hivyo.

Matokeo yakasomwa kwenye baraza la chifu: useremala, uashi, ushonaji. Upande wa nyuki, utafiti haukupata hata mtu mmoja. Haya yalisemwa Tseikuru, mahali ambapo hukuweza kuposa bila asali.

Ndululu akasimama. "Kijana, niandike mimi. Nachonga mizinga, na yangu iko juu ya miti."

Watu wakaguna. Kiilu, jirani yake, akamwambia, "Ndululu, si umvulie na nguo kabisa."

"Zangu zimechakaa. Mvulie wewe, zako ni mpya."

Abdulkadir alingoja kicheko kiishe. "Mzee, darasa halifunguliwi kwa mtu mmoja. Na kesho asubuhi napanda basi kurudi Kitui."

"Basi tutaonana hapo stendi."

Asubuhi tulimkuta stendi na gogo lililokwisha kutobolewa, akichonga mfuniko wake mbele ya soko zima. Wazee wakaja kumkemea. Yeye akaendelea kuchonga. Kiilu alikuwa wa mwisho kufika, na matusi aliyoyaandaa yakamwisha mdomoni alipotazama kazi yenyewe.

"Huo mfuniko hautakaa," akasema.

"Utakaa."

"Nyuki watauhama mzinga mvua ya kwanza. Lete hiyo tezo."

Akaipokea, akachuchumaa, akaanza kupunguza ukingo. Abdulkadir alikuwa tayari na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Akaushusha.

"Mzee Kiilu, si uliniambia huna kitu?"

Kiilu hakuinua kichwa. "Andika," akasema.

Baada ya hapo wengine wakajongea, kila mmoja akijifanya amekuja kurekebisha makosa ya mwenzake. Basi likaondoka bila Abdulkadir. Mpaka leo sijui kama Ndululu aliuharibu ule mfuniko kwa makusudi. Nilimuuliza, akaniambia hana kitu cha kusema.

Darasa la mizinga lilifunguliwa mwaka uliofuata, naye akafundisha mpaka macho yalipomkataa. Sasa wengi hupigilia mbao misumari, rangi juu, wakaita mzinga. Lakini wanafunzi wake wawili bado wanachonga magogo, na tezo yake iko kwa mmoja wao. Nimeiona. Mpini wameubadilisha, chuma ni kile kile.