Waliomwitikia Armel

Ukimwita Mukunde kwa mbali, haitiki. Utapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara pale Muhima, jijini Kigali, anakouza viatu vya mitumba, utaita mpaka wenye maduka wageuke, na yeye atabaki ameketi akipiga kiatu brashi. Mpaka uvuke, umsogelee, umguse bega. Hapo atakutazama vizuri na kukuuliza unavaa namba ngapi. Watu, kwa kuwa hawakosi la kusema, husema mama huyu ana maringo ya Bujumbura alikokulia. Maringo gani, na muuza viatu mwenyewe anavaa kandambili? Mukunde haringi. Anaogopa.

Zamani alikuwa mwepesi wa kuitika kuliko wote. Yeye na mumewe Armel, fundi wa kuchomelea katika gereji moja ya Gikondo, walilelewa Burundi, na huko, kama hapa, mtoto hufundishwa mapema: ukisikia mtu anapiga yowe, nawe piga yowe, kisha ukimbie kumsaidia. Anayesikia akanyamaza huhesabiwa adui. Katika mtaa wao, uliojibana chini ya msitu kwenye mteremko wa Mlima Kigali, desturi hiyo ilishikwa na wote, waliotoka Burundi, waliotoka Uganda na wasiowahi kutoka kokote.

Kisha msitu ukashika moto. Kilikuwa kiangazi, mikaratusi imekauka, na majani yaliyodondoka yamelala chini yakisubiri cheche tu. Gari la zimamoto liliishia pale barabara inapoishia, na kutoka hapo kazi ikawa ya mikono. Wanaume walifyeka na kulima ukanda wa udongo mtupu, ili moto ukifika ukose cha kula. Wanawake waliupiga kwa matawi mabichi. Alasiri upepo ukageuka, watu wakaanza kushuka, na Armel naye akashuka. Akiwa barabarani akakumbuka panga aliloliacha juu. Lilikuwa panga la Frederick, jirani yao na kiongozi wa nyumba za upande ule, na Armel hakuwa mtu wa kurudisha kitu cha watu kwa maneno matupu. Alimwambia mkewe anakuja sasa hivi, akapanda tena.

Moshi ukashuka, ukafunika kila kitu. Ndani yake Armel akapiga yowe.

Wakamwitikia wote. Waliokuwa barabarani waliitika, waliobaki kwenye ukanda kule kushoto waliitika, waliokuwa ukingoni mwa korongo upande wa kulia waliitika. Mukunde aliitika kwa nguvu zake zote. Armel akaita tena, safari hii kutoka kulia, wakaitika. Akaita kutoka kushoto, wakazidi kuitika. Mwishowe wakawa wanaitika, na hakuna anayeita. Asubuhi walimkuta karibu kabisa na barabara, panga mkononi.

Msibani walikuja kumfariji. Walikaa naye mmoja mmoja, wakamshika mkono, na kila mmoja alisema lile lile: nilimwitikia. Frederick alisema ameitika mpaka sauti ikamkauka, na kweli ilikuwa imekauka. Walilisema kwa upendo, kwa sababu hawakuwa na zawadi nyingine ya kumpa. Na ilikuwa katikati ya faraja hizo, akiwa ameshika bakuli la uji, Mukunde alipoelewa. Mtu aliyefumbwa macho na moshi aliitwa kutoka pande zote. Kila alipoifuata sauti moja, nyingine ilimvuta. Wao ndio waliompoteza, pamoja na wema wao wote, na sauti iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya mkewe.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Aliwashukuru, akamaliza uji. Lakini tangu siku hiyo Armel hakumwacha. Pale Muhima, wapiga debe wa stendi ya Nyabugogo wakipaza sauti zao, aliisikia ya Armel katikati yao, mara kushoto, mara kulia, ikitafuta njia. Alitamani kuijibu, akajizuia. Aliona kwamba akiitika tu, atampoteza tena.

Mwaka huu msitu umewaka tena, mchana kweupe, na waliopanda ni wale wale. Natacha, binti wa Frederick, mtu mzima mwenye kazi yake katika mkahawa mmoja wa Gisimenti, alikuwa akiwapelekea maji walio kwenye ukanda. Upepo ukageuka. Walipokusanyika barabarani na kutazamana, Natacha hayupo. Kisha yowe likatoka ndani ya moshi.

Frederick akafungua kinywa aitike. Mukunde akakiziba kwa kiganja.

"Ceceka," alimwambia. "Nyamaza, papa Natacha. Wote munyamaze."

Frederick akauondoa mkono ule. "Ni mtoto yangu iko mule ndani. Unataka ninyamaze kama vile sina masikio?"

"Mukiita wote hatajua afuate gani. Ni vile tulimfanyia Armel. Tulimwitikia kila upande, akazunguka mpaka akaisha."

Frederick alimtazama. Maneno yale aliyakataa kwanza, ulimwona kabisa anavyoyakataa, kisha yakamwingia. Aliwageukia watu, akainua mikono yote miwili, na habari ikapita kwa minong'ono hadi kwenye ukanda: kila mtu anyamaze. Mtu anapiga yowe na mtaa mzima umefunga vinywa. Wapo waliojiziba kwa vitenge ili wasiitike, na wapo waliolia kwa aibu.

Mukunde akasogea hadi ukingoni mwa barabara, akasimama, akaita. Aliita, akasubiri, akaita tena kutoka pale pale. Yowe lilijibu kutoka kushoto. La Armel pia aliwahi kulisikia likitokea huko. Moshi ulimkaba koo, akajikaza, akaendelea kuita, na yowe likaanza kusogea.

Natacha alitoka akitambaa, nyusi zimeungua, amekumbatia dumu tupu la maji. Baba yake alimfunika kwa koti lake kama mtoto mchanga. Alipopata pumzi, alimtafuta Mukunde kwa macho.

"Nilisikia sauti moja tu, mama," alisema. "Ilikuwa inaita Armel. Nikasema, hata kama si jina yangu, pale iko mtu."

Mukunde alidhani muda wote alikuwa akiita Natacha. Aliwatazama majirani, na nyuso zao zikamwonyesha kwamba walisikia tangu mwanzo na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

"Umekuja peke yako?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Peke yangu."

Mukunde aliitikia kwa kichwa. Kisha akaugeukia moshi, akaita mara moja zaidi, Armel, kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe aje kula. Na majirani zake wote, watu ambao maisha yao yote kabla ya siku hiyo hawakuwahi kuacha kuitika, walikaa kimya ili asikie vizuri.