Vishikio vya Jeneza la Mwenyekiti

Fundi bomba ndiye aliyetumwa na chama kutuletea habari. Mama alipomwona mlangoni alimwambia, “Afadhali umefika,” akampeleka jikoni. Bomba letu lilikuwa linavuja siku nyingi, na baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, alikataa kuligusa.

“Shemeji, sikuja kwa ajili ya bomba,” alisema. “Mwenyekiti ameanguka kikaoni. Mungu amemchukua.”

Mama akaketi. Fundi bomba, kwa kukosa la kufanya, akalitengeneza lile bomba.

Baba aliongoza chama cha waashi, maseremala, wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi bomba mpaka mvi zikamjaa. Sheria aliyoisimamia kuliko zote ni kwamba fundi haingilii kazi ya mwenzake. Niliwahi kumkuta amekaa gizani, taa mpya mkononi, akimsubiri fundi umeme.

“Ni balbu tu, baba.”

“Leo balbu. Kesho watoto wake watakula nini?”

Siku ya mazishi maseremala walileta jeneza, na wachomeleaji wakaleta vishikio vya chuma walivyomtengenezea mwenzao. Vikabaki mezani. Ibada ilikwisha, mawingu ya mvua yakawa yanakusanyika, na baba hakuwa na pa kushikwa.

“Chuma ni chetu, tunafunga sisi,” alisema mchomeleaji.

“Skrubu inaingia kwenye ubao,” alijibu seremala. “Ubao ni wa nani?”

“Basi beba ubao wako.”

“Haya alikuwa anayaamua mwenyekiti,” fundi bomba alisema. Wote wakaligeukia jeneza, wakasubiri kidogo.

Mama akainuka, akamnyoshea seremala mkono. “Shemeji, nipe bisibisi.”

“Lakini shemeji, sheria ya chama…” seremala alianza.

“Mimi si mwanachama.”

Seremala akampa bisibisi. Mama alifunga vishikio vyote, midomo ikisali kimyakimya. Skrubu ya mwisho ilikaa upande. Seremala aliiona, akaiacha hivyo hivyo, na kwake hilo halikuwa jambo dogo.

Tulimbeba baba kwa vishikio hivyo, maseremala upande huu, wachomeleaji upande ule. Vilishika vizuri. Mchungaji alifupisha sala kwa sababu ya mawingu. Mama alitupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Waashi wakafukia na kusakafia, na hakuna fundi mwingine aliyegusa mwiko. Tukasema amina, tukarudi nyumbani.