Kerezo Lililovishwa Maua

Norman Kiarie alisomea ufundi wa chuma kwa macho tu. Shule yao ilikuwa na kerezo moja, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, nalo lilikufa kabla yeye hajaandikishwa. Mwalimu alilichora ubaoni, wanafunzi wakalichora daftarini, wakafaulu mtihani. Baadaye Norman akaajiriwa na kampuni ya bima, akawa mzee wa kanisa, akajenga nyumba Uthiru, na miaka yote hiyo mikono yake ilibaki na njaa.

Kwa hivyo aliposikia kwamba Mzee Harjit Singh, fundi wa Kisikh pale Ngara, anafunga karakana na anauza kerezo lake kwa bei ya kutupa, alikwenda mbio. Alilipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa maziwa, wakakubaliana. Ila bei ilimnyima raha. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wameahidi zaidi, na mzee mwenyewe alimwambia hivyo bila kuulizwa. Sasa mbona ampe yeye? Mkewe, Mwihaki, alimkumbusha kwamba rahisi ni ghali, lakini akahamisha kuku wake ili mashine ipate banda.

Jumamosi Norman alifika na lori, dereva akiwa Odero. Karakana ilikuwa imefagiliwa ikafagilika. Kerezo lilikuwa limepakwa mafuta, likafungwa uzi mwekundu, likavishwa shada la maua ya manjano. Mbele yake iliwaka taa ndogo, na kando ya taa palikuwa na sahani ya ladu, vile vitamutamu vya Kihindi vya mviringo. Mzee Harjit alisimama hapo bila viatu.

"Boss, hii maneno iko sawa kweli?" Odero alinong'ona. "Hiyo machine imepambwa kama bibi harusi."

Norman hakujua. Mawazo yalirudi kwenye ile bei, na kutoka kwenye bei yakaenda mahali ambapo mzee wa kanisa hapaswi kwenda: huenda chuma hiki kilikuwa na mwenyewe asiyeonekana, na leo huyo mwenyewe anaagwa ili amhamie yeye. Akaanza kuomba moyoni. Kwa woga, maneno yaliyomjia yalikuwa ya kubariki chakula.

"Singh, tumekuja kupakia," alisema.

"Leo haiguzwi, bwana. Kwani hukusikia fataki jana? Ilikuwa Diwali. Leo ni siku ya vyombo vya kazi. Tunaosha, tunashukuru, zinapumzika. Baba yangu alikuwa anafanya hivi hapa hapa."

"Kwa hivyo umeghairi?"

"Nani amesema? Utabeba Monday. Lakini lazima ule kwanza." Mzee aliinua ile sahani. "Mwaka jana nilikula na mafundi wangu. Sasa hakuna mtu. Wale wa scrap walitaka kuikata vipande vipande, hata hawakuiangalia. Wewe uliishika ukitaka kuijua, ndio maana nikakupa. Anayekaa na hii mashine huwa anakula nayo leo. Ukikataa sikulaumu, bwana, lakini basi nitaiacha hapa."

Norman aliitazama ladu. Alilitaka kerezo lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu utotoni, na hilo lenyewe lilimtisha. Alikumbuka kwamba kanisa lina neno kuhusu chakula kilichotolewa kwa miungu mingine, lakini je, ni la kukataza au la kuruhusu? Mzee wa kanisa mzima, aliyefundisha vijana wa kipaimara, kichwa kilikuwa kitupu. Alimgeukia Odero, naye Odero akatazama matairi ya lori lake.

Akaitia mdomoni. Ilikuwa tamu, ina iliki, wala hakuna kilichotokea.

Alipoinua macho alimwona Mzee Harjit ameinamisha kilemba mbele ya kerezo, mabega yakitetemeka, akilia kimya kimya kama mtu aliye peke yake. Hapo Norman akachanganyikiwa kuliko mwanzo. Hakujua kama amekula dhambi, hakujua atamwambia nini mchungaji, wala hakujua mtu humpa pole vipi mwenzake anayeagana na chuma. Akasogea, akavua viatu vyake, akaomba ladu nyingine.